Bakteria Wangu Walio Tumboni mwa Ng'ombe wa Angwenyi

Elkanah Omanga,
Duka la Mabati na Misumari,
Barabara ya Homa Bay, Rangwe.
Jumapili asubuhi.

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Utafiti wa Afya ya Mifugo.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: KUHAMISHWA KWA BAKTERIA BILA MWENYEWE KUELEZWA

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, pamoja na wote mnaochungulia darubini kwa niaba yetu. Huku Rangwe watu hawajambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mfanyabiashara wa mabati. Nyuma ya nyumba nafuga ng'ombe mmoja wa maziwa anayeitwa Amani. Simsifu kwa sababu ni wangu. Namsifu kwa sababu Daktari Shamima wa mradi wako alimsifu kwanza. Alikuja kumpima, akasikiliza tumbo lake kwa kile kifaa cha masikioni, akasema, "Mzee Omanga, tumbo hili linafanya kazi vizuri sana. Bakteria wazuri wamejaa humu." Mke wangu Bosibori anasema niliirudia habari hiyo kwa kila mteja, hata aliyekuja kununua msumari mmoja.

Jirani yangu ni Angwenyi, muuza mbao. Tumetenganishwa na ua wa michongoma, na hatusalimiani. Ng'ombe wake, Kifaru, alipenya uani kwangu akala nepia yangu, yale majani marefu ninayomkatia Amani. Nilipokwenda kulalamika, tena kwa upole, alinijibu mbele ya wateja, "Afadhali umekuja. Nepia yako imemharisha ng'ombe wangu." Tangu siku hiyo nikimwona barabarani nageuka kuangalia mabati.

Sasa mwezi uliopita Kifaru alikata kamba, akaingia stoo akala mahindi mpaka akashindwa kusimama. Angwenyi akakimbilia agroveti, duka la dawa za mifugo, akarudi na antibayotiki, akamnywesha chupa nzima bila kumuuliza mtu. Kulipokucha ng'ombe hali, hacheui, tumbo kimya. Watoto wa Angwenyi walikuwa wanalia. Niliwasikia kupitia ua, na sitaficha, Mkurugenzi: hata mimi chai ilinishinda.

Daktari Shamima aliitwa. Nilimsikia akimwambia Angwenyi kwamba mahindi mengi yaliwapa nguvu bakteria wabaya, kisha dawa ikaua wabaya na wazuri pamoja. "Tumbo lake ni kama shamba lisilo na wafanyakazi," alisema. "Inabidi tuazime kwa ng'ombe mzima." Haya niliyasikia nikiwa upande wangu, nikikata michongoma ambayo haikuhitaji kukatwa. Kwa bahati mbaya alipofika kwenye kueleza wataazima nini na kwa ng'ombe yupi, palipita lori, sikusikia.

Baadaye kidogo daktari akaja kwangu. "Mzee Omanga, naomba maji kidogo ya tumbo la Amani."

"Chukua hata ndoo nzima," nilimwambia, nikijua yanakwenda maabara Nairobi.

Akapitisha mpira mdomoni mwa Amani, akavuta maji ya kijani yenye harufu ambayo sitaieleza, akayachuja kwa kitambaa, akashukuru. Nilidhani anakwenda garini. Alikwenda kwa Angwenyi, akamnywesha Kifaru. Kabla ya wiki kwisha, Kifaru alikuwa amesimama anacheua, na watoto wa Angwenyi wanaimba.

Kutokana na hayo, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Kwamba sikuelezwa. Ni kweli daktari hakunidanganya, maana sikumuuliza. Lakini mtu akija kuomba kilichomo tumboni mwa ng'ombe wako, adabu ni kutaja kinakokwenda. Bakteria wale nimewalea mimi. Nimewakatia nepia kwenye mvua, nimewanunulia chumvi, nimewapa majani ya viazi vitamu ambayo Bosibori alikuwa ameyapangia kazi nyingine.

2. Kwamba wananyimwa Sabato. Mimi ni Msabato. Jumamosi Amani hukamuliwa kwa huruma tu, na maziwa ya siku hiyo hayauzwi. Bakteria wake wamezaliwa na kukulia katika utaratibu huo. Angwenyi ni Mkatoliki, nami simlaumu kwa hilo, ila Jumamosi ndiyo siku yake kubwa ya kuuza maziwa. Kwa hiyo bakteria wangu wanafanya kazi tangu alfajiri katika siku waliyofundishwa kupumzika. Nilimpelekea mchungaji wetu jambo hili. Alisema ataomba. Hakusema atamwombea nani.

3. Kwamba nimepewa undugu nisioutaka. Pale sokoni mama anayeuza samaki wa omena ameanza kutuita mimi na Angwenyi wakwe, kwa sababu eti matumbo yetu yameoana. Watoto wa Angwenyi sasa wananiamkia. Juzi Angwenyi mwenyewe aliniinulia mkono kutoka katikati ya mbao zake, nami ikanibidi niinue wangu. Nilikuwa nimeshika nyundo, sijui alielewaje.

4. Kwamba nepia yangu haijasafishwa jina. Ikiwa nepia ile inaharisha ng'ombe, imekuwaje bakteria waliolelewa kwa nepia hiyohiyo wakamponya Kifaru? Naomba mradi uandike jibu la kisayansi, na Angwenyi alisome kwa sauti mbele ya wateja wake, ikiwezekana siku ya soko.

5. Na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kwenye baraza la chifu daktari alieleza matokeo ya vipimo vyenu. Alisema kuna bakteria wabaya waliopatikana kwenye ndoo za kukamulia, wale wanaoharibu maziwa na kuvimbisha kiwele. Hakutaja majina, lakini alisema ndoo moja ilikuwa ya buluu na ina mpini wa waya, na baraza zima likanigeukia mimi. Alipofika kwa bakteria wazuri akasema hao ni mali ya jamii nzima. Mkurugenzi, huo ni uhasibu gani? Wabaya wawe wa Omanga na wazuri wawe wa jamii? Mimi nimekwishaeleza kwamba wangu ni wazuri. Wabaya hao lazima waliruka ua, na wote tunajua ng'ambo ya ua kuna nani.

Kwa heshima kubwa, naomba hatua hizi zichukuliwe. Bakteria wangu wazuri warudishwe wote, pamoja na watoto waliozaa wakiwa kule, kwa kuwa daktari mwenyewe alisema wanazaana haraka. Kama haiwezekani kuwatoa tumboni mwa Kifaru, basi Kifaru ahamie kwangu nao wakiwa ndani, na Angwenyi nitamruhusu kuja kumwona Jumapili baada ya misa. Bakteria wabaya wa kwenye ndoo wapelekwe kwake mara moja, nami niko tayari kutoa ndoo. Na siku zijazo, bakteria yeyote akitaka kuvuka ua huu, apitie langoni kwangu kwanza.

Najua una mizigo mingi na mifugo mingi, na nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie Daktari Shamima, sina ubaya naye, ni binti mwenye mikono ya upole. Msalimie na dereva wake, na wote wa maabara. Bosibori anawasalimu. Amani hajambo.

Ni mimi jirani mwema,
Elkanah Omanga.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea Bosibori barua hii ili anisaidie kuona kama imekosa ukali. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Baba Nyatichi, ulipokwenda Mfangano kupeleka yale mabati ya kanisa, kabla Kifaru hajala yale mahindi, Amani aliugua."

Nikamwambia hakuna kitu kama hicho, nilirudi nikamkuta anacheua.

"Ulimkuta anacheua kwa sababu aliponywa," akasema. Aliniambia kwamba nilipoondoka Amani alikuwa amekwishaanza kukataa chakula, na nilidhani ana maringo. Bosibori akajaribu dawa ya agroveti, tumbo likanyamaza kabisa. Akampigia simu Daktari Shamima, naye akatafuta ng'ombe mzima wa karibu. Ng'ombe mzima wa karibu alikuwa Kifaru. Angwenyi ndiye aliyemshika pembe wakati maji yanavutwa, na ndiye aliyebeba ndoo mpaka zizini kwangu, akakaa na Bosibori kwa Amani mpaka ng'ombe akasimama. Wakati huo tulikuwa tumekwishagombana kuhusu nepia.

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Angwenyi aliniomba nisiseme," akajibu. "Alisema ukijua yametoka kwa Kifaru utakataa, na ng'ombe atakufa. Halafu ulirudi ukaanza kumsifu Amani kwa watu, nikaona nisikukatize."

Kuhusu ndoo, amenikumbusha kwamba anayeiosha ni mimi, na kwamba huwa naisuuza kwa maji baridi nikiwa nazungumza kwa simu.

Kwa hiyo, Mkurugenzi, malalamiko yangu nambari moja hadi nne yaendelee kuwa ya kweli, ila mlalamikaji awe Angwenyi na mlalamikiwa awe mimi. La tano lifutwe. Ombi la Kifaru kuhamia kwangu naliondoa, na tafadhali Angwenyi asijue kwamba liliwahi kuombwa.

Nimekaa nikafikiri juu ya yale Angwenyi aliyomwambia Bosibori. Nilitaka kuandika hapa kwamba amenidhania vibaya. Lakini nimejiuliza mwenyewe mara kadhaa, na ni kweli, ningekataa. Sasa navaa viatu niende kwake. Bado sijajua nitaanza na salamu ipi.