Njia Tatu za Daktari wa Wanyama

Tangazo lilitolewa kwa spika mbele ya posta ya Kalemie, baada ya wimbo kuimbwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukuwa na furaha ya kutosha: kuanzia siku hiyo, kijana yeyote wa Zaire aliyesomea udaktari wa wanyama alikuwa na njia tatu za kazi. Watu walipiga makofi. Wanyama hawakuulizwa.

Mtangazaji alikuwa sitoyeni Mwamba (ndivyo wananchi walivyoamriwa kuitana, wanawake sitoyene), Daktari Mkuu wa Biro ya Afya na Nidhamu ya Wanyama. Udaktari huo hakuusomea. Alipewa kwa ajili ya sauti yake, ambayo katika nyimbo za Chama ilifika mpaka bandarini. Alikuwa mtu mwema, na aliwapenda wanyama wote, hasa wakiwa na pilipili.

Kijana aliyehusika na tangazo hilo alikuwa mmoja tu: sitoyene Mujinga, binti kutoka mji wa Moba, aliyekuwa ameshuka kwenye treni ya Lubumbashi na diploma na jozi ya buti za mpira.

"Njia ya kwanza," Mwamba alimweleza bironi, ofisini kwake, akinyoosha kola ya abakosti yake mpya, koti la kiserikali, "ni kukaa. Daktari anakaa, mnyama anakuja. Njia ya pili ni kuonja nyama ya mapokezi, wakubwa wasidhurike. Hiyo nimejitolea kuibeba mwenyewe. Njia ya tatu ni kupanda mpaka kwenye kiti hiki."

"Lakini kiti kiko na muntu, shefu."

"Njo maana nakupa ya kwanza."

"Na kutibu?"

Mwamba alimwonea huruma. Shule zinaharibu watoto. "Kutibu ni kazi, binti yangu. Mimi nakuelezea kariere, kupanda cheo."

Basi Mujinga akakaa. Akaja Mama Séraphine, mjane wa mtaa wa Lukuga. Ng'ombe wake, ambaye ndiye mali yake yote, alikuwa na mimba nzito na hakutaka kula. Mwamba akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa afike mwenyewe. Kesho yake mgonjwa alifika, akazitazama ngazi za biro, akakataa kupanda. Mwamba aliona wazi kwamba ng'ombe huyo hana moyo wa kushirikiana. Mujinga aliposhika buti zake ili ashuke, Mwamba alimzuia mlangoni.

"Chini ya ngazi ni nje ya Njia ya Kwanza, sitoyene."

Mama Séraphine akamrudisha ng'ombe nyumbani, machozi yakimlengalenga. Siku ile chai ya Mujinga ilipoa mezani.

Juma hilohilo ikaja habari kwamba Komisera mkubwa anatoka Lubumbashi kuja kukagua. Mwamba akaamuru wanyama wote wa mji wapite mbele ya jukwaa, mbuzi, bata na nguruwe, kila mmoja na utepe wa kijani shingoni. Asiyemleta mnyama wake angehesabiwa kuwa adui wa maendeleo. Mama Séraphine hakuthubutu kubaki.

Mwamba alikuwa amemaliza tu kujitambulisha kwa mgeni kama "fundi wa mafundi, mkono wenyewe wa tiba" pale ng'ombe wa Mama Séraphine alipolala chini mbele ya jukwaa na kuanza kulia kwa uchungu. Kwato moja ndogo ilichungulia, ikakwama hapo.

"Anakufa!" alipiga kelele Mama Séraphine. "Mungu wangu, anakufa!"

Mujinga alikuwa tayari ameruka kamba ya kuzuia watu. Komisera akamzuia kwa fimbo.

"Wewe njo nani?"

"Daktari wa biro, mukubwa."

"Mdogo au mkuu?"

"Mdogo."

"Basi kaa kando. Tunaye mkuu."

Macho yote yakamgeukia Mwamba. Akavua abakosti taratibu, kama mtu anayemuaga ndugu.

Mujinga, kama msaidizi wake, alipiga magoti karibu naye, akampaka mkono mafuta ya mawese mpaka begani.

"Sitoyene," Mwamba alinong'ona, jasho likimtoka, "tunafanya namna gani?"

"Mukono wa mbele wa mutoto umejikunja, shefu. Sukuma kwanza mutoto arudi ndani. Polepole. Sasa tafuta kwato ya pili, uifunike na kiganja, isipasue tumbo. Umeipata?"

"Naona iko... iko inanisukuma!"

"Ni mama anajikaza. Ngoja apumzike. Sasa, leta mbele."

Mwamba alifumba macho, akavuta. Pumzi ilimwisha, suruali ikalowa. Mwishowe ndama akateleza nje, akamwangukia mapajani, akapiga chafya. Mama Séraphine akaanza kupiga vigelegele. Mwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakosa la kuimba.

Komisera alisimama, machozi machoni.

"Mtu kama huyu mnamfungia bironi? Ni aibu kwa taifa! Aende kule Bendera leo hii, kwenye vijiji vya huko, kwenye mifugo. Asirudi mpaka kila mnyama awe mzima. Na biro ibaki kwa huyu mdogo, apate kujifunza."

Mwamba alifungua mdomo apinge, lakini watu walikuwa wanashangilia, na yeye hakuwahi kukatiza makofi.

Kabla ya jua kuzama alikuwa juu ya lori, katikati ya magunia ya mihogo. Lori liliponguruma, aliinama kutoka juu akaita kwa nguvu zake zote:

"Sitoyene Mujinga! Na mbuzi? Mbuzi wanazalia upande gani?"

"Uleule, shefu!"