Sukari Nguru ya Chai ya Akina Mama

Jumatatu, 9 Agosti 1993
Mkate umeondoka mezani kwetu rasmi. Baba alitangaza asubuhi kwa sauti ile ya kuita rejista. Mshahara wa mwalimu ni ule ule, akasema, lakini bei za hapa Sultan Hamud zimeota miguu. Kuanzia leo kiamsha kinywa ni muthokoi, mahindi ya kukoboa, kama kwa nyanya kule Matinyani. Akaongeza kwamba sisi bado ni watu wa mkate, ila tumepumzika kidogo.

Jumamosi ni zamu ya Mama kwenye kikundi cha kuchangiana. Akina mama tisa wa kanisa watakuja kwetu, kila mmoja na bahasha yake ya mchango. Hizo bahasha ndizo karo yangu ya muhula wa tatu. Hakuna nyingine. Sheria ya kikundi haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: mwenye zamu hupika chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Mwaka jana kuna mama alipeana strungi, chai isiyo na maziwa wala sukari. Alisemwa mpaka akatoka kikundini mwenyewe.

Jumanne, 10 Agosti
Mama alinipa pesa ya kilo mbili za sukari. Dukani kwa Irungu nikaambiwa imepanda tena, mara ya tatu tangu Pasaka. Pesa yangu ni ya kilo moja, na akina mama wa kanisa hawanywi chai, wanakunywa sukari yenye rangi ya chai.

Hapo nikaona sukari nguru. Vibonge vya kahawia, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, chini kabisa ya rafu. Sukari ni sukari. Kwa pesa ile ile nikapata vibonge sita. Akili kama hii sijui nimeirithi kwa nani.

Irungu aliuliza sita za nini. Nakiri udhaifu wangu: nina Kiingereza cha shule, nina Kiswahili cha shule, na Kikamba nimezaliwa nacho, lakini mbele ya mtu mzima sina hata lugha moja. Nikatazama viatu vyangu. Akauliza kama mwalimu anajua. Nikatikisa kichwa, maana ni kweli hajui. Akafunga vibonge kwa gazeti mara mbili na kunitoa kwa mlango wa nyuma. Nilidhani ni heshima.

Jumatano, 11 Agosti
Nyawira, binti wa Irungu, niliye naye darasa moja, alinikuta mferejini. Akasema amesikia mwalimu ameamua kuusaidia mshahara. Eti nguru sita si za chai. Eti kila mtoto wa Ukambani anajua nguru zinalowekwa, zinachacha, zinakuwa pombe ya kaluvu, na kaluvu bila kibali humpeleka mtu kortini. Akanishauri niwaambie wazazi wafunike pipa vizuri, harufu husafiri.

Ningeweza kumwambia ni za chai. Lakini basi angejua hatuwezi sukari nyeupe. Nikapima: binti wa mpika pombe, au binti wa nyumba isiyo na sukari? Nikajitwika ndoo nikaondoka bila kukana. Nilifikiri pombe ina heshima kidogo.

Jioni Mzee Ndolo, ambaye hajawahi kukosa kilabu chochote cha pombe, akaja na kikombe chake cha bati. Akamsalimia Baba kwa adabu nyingi na kuomba akumbukwe mapema. Baba alidhani ni njaa. Akamjazia muthokoi. Mzee alikula yote, akamkonyezea Baba jicho, akaenda. Baba anasema uzee ni kitu cha huzuni.

Alhamisi, 12 Agosti
Balaa. Kalunde, mwenyekiti wa akina mama, alimwambia Mama kwamba kuna jambo limesikika. Hakulitaja. Watakuja Jumamosi kujionea kwa macho, na likiwa kweli, zamu itaruka na bahasha zitarudi mikobani. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa.

Akaniuliza sukari iko wapi. Nikasema iko salama. Iko, kwenye sanduku langu la shule, chini ya kitanda. Zamu ikiruka nitakaa nyumbani muhula mzima nikikoboa mahindi.

Ijumaa, 13 Agosti
Naibu wa chifu alikuja saa nne. Hakupekua nyumba. Hakukuwa na haja. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda changu, na yeye akaifuata tu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride.

Sanduku likafunguliwa. Akamuuliza Baba, mwalimu, hii ni nini. Baba, ambaye hukosoa mpaka matangazo ya mazishi, alikigeuza kibonge kimoja huku na huku. Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Sikuwa nimevaa.

Mama ndiye alitoka jikoni na kikombe cha chai. Alikitazama kibonge, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa yote kwa mara moja. Akavunja kipande, akapukuta sisimizi, akakoroga. Akamwambia, Afande, hii ndiyo sukari yetu siku hizi, onja.

Alionja. Akaomba cha pili. Akauliza, kwa sauti ya chini, tumenunua kwa bei gani.

Alipoondoka nilimpa Mama mpango: tusage nguru, tuchanganye na unga wa ngano hadi ipauke, hakuna atakayejua. Mama aliniambia niende nikalale. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Jumamosi, 14 Agosti
Walikuja kumi na wanne. Watano si hata wanachama. Mama hakuficha kitu. Aliweka vibonge kwenye sahani katikati ya meza, na kisu, kama keki ya harusi. Akasema mshahara haufiki sukari, na mwenye kutaka kusema aseme akiwa ameshiba.

Nilisikia saa ya ukutani, na nikaanza kuiaga shule.

Kalunde akachukua kisu. Akakata kipande kikubwa, akatia kikombeni, akanywa. Kisha akasema yeye anatumia nguru tangu Juni. Huinunua mji wa jirani, Emali, amejifunga leso mpaka puani, na juzi akapishana na mke wa mchungaji aliyejifunga vivyo hivyo.

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja akakiri huchemsha majani yale yale mara tatu. Mwingine huweka karatasi ya mkate dirishani ili majirani waione. Bahasha zikatoka, zote tisa. Mama alikimbilia jikoni kupangusa macho, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika zamani.

Mzee Ndolo alikuja na kikombe chake. Alipewa chai. Sijawahi kuona mtu akinywa kwa masikitiko hivyo.

Jumapili, 15 Agosti
Baada ya kanisa Mama alinikabidhi karo nikaifungie sandukuni mpaka shule ifunguliwe. Akasema "pesa haitoshi" ni maneno mawili tu, na mimi naweza kuyasema kwa lugha tatu. Nikakubali kwa kichwa. Nimejifunza.

Ila nimekuwa nikiwaza. Akina mama kumi na wanne wanataka nguru na wanaona haya kuinunua. Daud wa Hirsi, anayeendesha lori la mbuzi, anakwenda Emali kesho. Nimempa pesa ya vibonge sitini. Karo itarudi sandukuni Jumatano, na faida juu. Nimemwambia ashushie nyuma ya nyumba yetu, giza likiingia, na afunike kwa gunia.

Akauliza sitini za nini.

Nikatazama viatu vyangu.