Watoto Wanane Wasio na Vichwa

Jumatatu, 2 Machi 1953. Kibuta.
Mvua. Paa la darasa linavuja juu ya meza yangu tu. Tarishi wa bomani kaleta habari: mkaguzi anakuja Alhamisi, na shule yenye watoto chini ya sitini itafungwa. Mimi ninao arobaini. Wengine wako mashambani wanafukuza ngedere. Ikifungwa nitapelekwa Gwata, chini ya Mfaume, tuliyesoma naye ualimu na ambaye kila tukikutana hunikumbusha kwamba alinipita mtihani. Bora kufa!

Jumanne, 3 Machi.
Nimepata! Wakaguzi hupenda michoro kuliko kuhesabu madawati. Nimechora hesabu ya wanafunzi wangu kwa picha ukutani, kwa makaa. Picha nzima ya mtoto ni watoto kumi, iliyokatwa ni watano. Nimechora nane nzima. Themanini! Wasiokuwepo nitasema wana surua. Kutwa nzima nimewafundisha watoto kuzisoma. Swaumu, binti pekee anayependa hesabu, kashika upesi. Nimemsifu sana.

Jumatano, 4 Machi.
Balaa. Mzee Mwinyimadi, mwalimu wa Kurani, kaona ukuta. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akauliza, siku ya kiyama nikiambiwa niwatie roho watu hawa nitaweza? Nikasema ni hesabu tu, mzee wangu. Akasema vichwa vikibaki, kesho hakuna mtoto atakayevuka kizingiti. Nimevifuta vyote kwa udongo. Picha isiyo na kichwa haina roho. Ndipo akaitikia marahaba.

Alhamisi, 5 Machi.
Mkaguzi kaja na matope hadi magotini. Akautazama ukuta, akauliza watoto hawa wamepatwa na nini. Nikasema surua. Akamwinua Swaumu asome picha. Swaumu akasema picha nzima ni kumi, iliyokatwa ni tano, na hizi zote zimekatwa. Basi nane mara tano, arobaini. Kisha akanigeukia, anangoja nimsifu.
Mkaguzi akasema hajapata kuona mtoto aliyefundishwa vizuri hivi. Halafu akasema shule imefungwa.

Jumamosi, 7 Machi.
Nimefunga mlango kwa kamba. Swaumu alikuja na kibao chake, akauliza Jumatatu tutaanza somo gani. Nikamwambia aende shamba na wenzake. Hakulia. Nililia mimi, nyuma ya choo. Roho inaniuma.

Jumatatu, 9 Machi. Gwata.
Mfaume kanipokea kwa tabasamu, kanipa darasa la kwanza na chumba kinachovuja. Kumbe na yeye watoto hawamtoshi, na mkaguzi atapita huku Mei. Nimemwambia asihofu, njia ninayo. Kosa langu lilikuwa kuchora watu. Wazo jipya nimelipata jioni hii, nikimtazama mkewe Mwanakheri anavyovunja nazi na kuikuna uani. Nazi moja, watoto kumi! Haina roho, haina kichwa. Nani atapata pa kuikata?