Wageni Wasiopenda Ziara

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nyumba nzima inanuka nguo mbichi. Nimekaa dirishani nikamwona Gasana, jirani yetu wa geti la tatu, akipita na basi lake dogo jipya. Limejaa wageni, kibendera kimechomoza dirishani. Anawapeleka Kimihurura wakapige picha jengo la mikutano. Watu wazima na akili zao! Aliponiona akapiga honi. Sikumjibu. Tulianza pamoja kazi hii ya kuongoza wageni. Leo yeye ana basi, mimi nina mafua.

Lakini mchana, na mafua yangu, nimepata wazo. Wapo wageni wasiopenda ziara. Wanachukia bendera, kipaza sauti na lile duka la vinyago la mwisho wa safari. Wanataka kitu cha kweli. Na Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya bure ya mtaa mzima! Mtaa mzima utakuwa mtaroni na majembe, maduka yamefungwa, magari yamesimama. Basi la Gasana litabaki nyumbani, kibendera kimekunjwa. Mimi nitawauzia wageni umuganda wenyewe. Watu watatu tu, wasizidi. Nimetangaza mtandaoni kabla chai haijapoa.

Jumanne, 25 Novemba

Wamepatikana! Dada wawili wastaafu kutoka Denmaki, na Mzee Lyimo, mwalimu mkuu mstaafu wa Moshi. Mzee ameandika kwamba katika ziara yake ya mwisho alihesabiwa kama mbuzi kila walipopanda basi, na hajapona mpaka leo.

Iteka nimemwambia ni marafiki wanaokuja kujitolea. Mke wangu yumo kwenye kamati ya mudugudu, mtaa wetu huu wa Kabeza. Watu wakigombana wanampigia yeye. Wakiugua, yeye. Wakizaa, yeye. Akanikumbusha nyuki niliowafuga juu ya paa, wakavamia harusi ya watu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ya chini ndiyo mbaya kwa Iteka, kwamba nikimwaibisha tena mbele ya majirani atakwenda kwa kaka yake, mjini Huye, na nisimfuate. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote. Bila Iteka mimi ni nani? Mtu mwenye mafua tu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda kukagua mtaro. Balaa! Ni safi! Tuliufukua mwezi uliopita, na maji yanapita bila shida yoyote. Kazi ya Jumamosi itakuwa kufyeka majani kidogo pembeni. Na mimi wageni nimewaahidi tope. Nimesimama pale nikaona giza. Gasana akanikuta, akauliza kama nimedondosha kitu. Akasema tutaonana Jumamosi, yeye hakosi. Kweli hakosi, anakuja na jembe lenye mpini wa vanishi. Mtu wa kujionyesha!

Nikapita kwa Mama Mukankusi, muuguzi mstaafu ambaye nyumba yake iko bondeni, chini kabisa ya mtaro. Nikamwomba awapikie wageni chakula cha mchana. Nikamsihi apike kwa mkaa badala ya gesi, na televisheni aifunike kwa kitenge. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba wageni wanataka kuona maisha halisi. Akasema maisha yake halisi ni gesi na tamthilia ya mchana. Tukajadiliana sana. Gesi imebaki, televisheni itafunikwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Jioni nimejaza udongo kwenye magunia yetu matupu ya mkaa, nikayashusha mtaroni, juu kidogo ya kona ya Mukankusi. Sikuziba. Nimeupa mtaro sura ya kazi tu. Kesho tutayatoa mapema, wageni watachafuka kidogo, kila mtu atafurahi.

Iteka aliuliza tope la viatuni limetoka wapi. Nikasema nilikuwa nafanya mazoezi. Hakuuliza la pili. Akanichemshia chai ya tangawizi kwa ajili ya mafua, akakaa nami mpaka nikamaliza. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikanywa chai. Kuna wingu jeusi upande wa Kanombe, lakini litapita.

Jumamosi, 29 Novemba

Halikupita.

Imenyesha usiku kucha. Maji yalipofika kwenye magunia yalikosa njia, yakageukia kwa Mukankusi. Kulipokucha tulimkuta amesimama juu ya kiti, godoro limelowa, tope limefika kwenye jiko. Televisheni tu ndiyo iliyopona, imevaa kitenge chake.

Mtaa mzima ulikuja mbio. Na wageni wangu nao, na mabuti yao mapya. Niandike au nisiandike? Walifurahi! Wale dada walizoa tope kwa makarai mpaka nywele zikabadilika rangi. Mzee Lyimo alivua koti, akashika beleshi, akawa anawapa watu amri kama yuko shuleni kwake. Nikamnong'oneza Gasana kwamba hapa hakuna kibendera. Hakunisikia. Alikuwa amebeba godoro la Mukankusi kichwani.

Iteka ndiye aliyeshuka mtaroni kutafuta kilichoziba. Akavuta gunia la kwanza. Lina kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Akakitazama kile kiraka, akanitazama mimi. Akavuta gunia la pili. Afadhali angepiga kelele.

Baada ya kazi, kikao kama kawaida. Mkuu wa mudugudu akawashukuru wageni. Mzee Lyimo akasimama kujibu, kwa Kiswahili safi, kila mtu akamwelewa, bahati mbaya kwangu. Akasema hajawahi kupata ziara nzuri kama hii. Akaomba fedha waliyonilipa kwa ajili ya umuganda apewe mama ambaye nyumba yake iliingia maji. Mukankusi akanigeukia: "Umuganda iko ya bure, wewe Conrad unauzisha? Na mimi uliniuzisha pamoja?"

Mkuu wa mudugudu akamgeukia Iteka, akauliza kama kamati ilijua. Iteka akasimama, tope limemfika viwikoni. Akasema yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba hawa ni marafiki, basi lawama ni yake, na kuanzia leo si mjumbe tena. Magunia hakuyataja. Angeweza kuyataja. Nilipaswa kusimama mimi. Nilikohoa tu.

Jumapili, 30 Novemba

Amekwenda. Gasana alimpeleka stendi kwa basi lake, kibendera amekitoa ili mke wangu apate pa kukaa. Hata hapo alipata pa kunizidi.

Nilimwomba abaki. Nililia, nakubali. Nilimwambia nilifanya yote hayo ili asione haya kuwa na mume asiye na kazi. Akasema hajawahi kuona haya juu ya kazi, haya ameziona jana. Kisha akanionyesha kabati ilipo dawa ya mafua, akaondoka.

Fedha ya wageni imekwenda kwa Mukankusi, kikao kimeamua. Nimejipikia chai. Imekuwa maji ya moto yenye sukari. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 2 Desemba

Ujumbe kutoka kwa Mzee Lyimo! Amewasimulia walimu wastaafu wenzake. Kumbe wanachukia ziara kumshinda yeye! Wanataka kuja umuganda wa Desemba, ila wanauliza kama mafuriko yatakuwepo. Nimewajibu kwamba hilo tutaliangalia.

Jioni Iteka akapokea simu, mara ya kwanza tangu aondoke. Aliuliza jambo moja tu, kama sakafu ya Mukankusi imekauka. Nikasema sijapita huko, lakini nina habari nzuri kuliko hiyo. Nikamweleza wale walimu wote. Nikamwambia safari hii hatuwafichi majirani, na yeye ndiye atakayekuwa msimamizi, arudi tuanze kujiandaa. Nikasikia anavuta pumzi, kisha simu ikakatika.

Huko kwao mtandao unasumbua sana. Nitampigia kesho, nikishajua kama walimu wanakula nyama.