Sarafu ya Bi Hadija na Wino wa Ofisi

Jumatatu, 2 Juni 2003
Mkoa mpya, ofisi mpya, hofu ileile. Bi Hadija, muuza vitenge wa Maisaka, ameleta sarafu ya fedha ya Waarabu wa kale kwa maonyesho ya mkoa. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Mkuu wetu, Mama Vailet, akasema atakayeisoma Ijumaa atasimamia meza ya maonyesho. Mwingine abaki na mafaili ya chanjo za ng'ombe. Karani mwenzangu Clemence alikuwa anafungua mdomo. Nikasema mimi! Kiarabu sijui hata herufi.

Jumanne, 3 Juni
Bi Hadija hataki sarafu ilale ofisini. Mpango! Nimeipaka wino wa mhuri, nikaigandamiza kwenye karatasi. Nakala safi kabisa! Bi Hadija akauliza ni nani aliyeitia hina sarafu ya marehemu bibi yake. Nimeisugua hadi vidole vikawa zambarau.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekariri herufi zote za Kiarabu katika kitabu cha Twalha, mwenye duka jirani. Kwenye nakala yangu sioni hata moja. Wala tarakimu za mwaka. Clemence akauliza, vipi mtaalamu? Nikamjibu ni Kiarabu cha kabla ya kanuni. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa! Nilitangaza kwamba sultani fulani anawasalimu wakulima. Zena, binti wa Bi Hadija aliyerudi jana kutoka masomoni, akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma mbele, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapita. Akasoma bila kukwama: hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, peke yake, hana mshirika. Ukingoni, mji na mwaka, vyote kwa maneno. Akasema, pole kaka, wiki nzima unasoma kinyumenyume, na mihuri unagonga kila siku! Bi Hadija alicheka hadi ushungi ukamdondoka, kisha akamkumbatia binti yake. Hakujua kama sarafu ya bibi ina mwaka. Mama Vailet alifuta machozi ya kicheko. Hata mimi nilicheka. Meza amepewa Zena. Mimi, ng'ombe.

Jumatatu, 9 Juni
Zena ameomba nimshikie karatasi dirishani wageni wakija. Furaha iliyoje! Mchana Mzee Konstantini wa Mutuka akaleta rupia ya Wajerumani. Mama Vailet akauliza nani anajua Kijerumani. Clemence alikuwa anafungua mdomo.
Nimenunua wino mpya.