Ganda la Nyota Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mkataba wangu unakwisha Ijumaa. Maji yamenifika shingoni. Mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza nyota kasema anayetaka kubaki alete matokeo, si maelezo. Nyota yangu inakufa taratibu, inajivua gesi na vumbi kama kitunguu kinavyomenywa. Nikipata picha ya ganda moja tu, nimepona. Nimepewa saa sita za darubini ya redio. Miwani, jirani yangu wa meza, kapewa kumi. Kumi! Kwa lipi hasa?

Jumanne, 5 Machi
Akili ni mali. Kanuni inataka kila nusu saa tugeuze madishi ya darubini kuelekea chanzo cha mawimbi kinachojulikana, tusahihishe vipimo. Dakika nane zinapotea kila mara. Nimezifuta zote, nikaipa nyota yangu. Miwani kauliza mbona madishi hayageuki. Nikamwambia ashughulike na yake.

Jumatano, 6 Machi
Ganda! Duara safi, limeizunguka nyota yangu pande zote. Nimeisafisha picha kwa kompyuta mara elfu nane mpaka ikang'aa. Nikampigia mama mkwe. Akasema afadhali, baba, sasa nitalala. Kumbe mke wangu alishamweleza habari za mkataba! Shemeji naye kashatangaza mtaa mzima. Siwezi kula.

Alhamisi, 7 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako. Miwani, kwa upole wake ule, kaomba mbele ya Mkuu tuelekeze madishi mahali patupu, pasipo na nyota yoyote. Nikasema sawa. Picha ikatoka. Duara. Lile lile, ukubwa ule ule. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka.

Mkuu akaniuliza, "Duara hili ni kosa la vipimo, si la nyota. Ulisahihisha kwa chanzo gani?"

Nikasema ngoja nitazame kwenye daftari la zamu. Daftari lilikuwa mkononi mwake.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeongezewa miezi mitatu! Eti Miwani ndiye aliyeniombea. Ana lake jambo huyo. Sharti ni nirudie kazi yote, nisahihishe kila nusu saa, yeye akinisimamia. Nilishukuru mpaka sauti ikanikauka.

Nimefika nyumbani, nikaitoa tena ile picha ya mahali patupu. Nimeitazama sana. Hivi nani kasema ni patupu? Ganda si hili hapa? Basi nyota ipo, ila imeshakufa kabisa, haionekani. Wao hawajaliona hilo, na mimi siwaambii.

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia nyota sasa ziko mbili.