Bweha wa Ofisi ya Maziwa

Jumatatu, 3 Machi
Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Makarani ni wawili hapa ushirika wa maziwa, mimi na Wamucii. Nafasi ya kudumu ni moja. Atakayechagua ni meneja, Bwana Kuria, aliyemfuta kazi karani wa zamani, Maurice, kwa kukohoa wakati wa maombi. Nikisikia viatu vyake, kalamu inasimama yenyewe.

Nimemkumbuka babu. Tukichunga kule kijijini kwetu, Ziwa, alinionyesha bweha aliyeishi jirani na fisi bila hata mkwaruzo. Alisema bweha hashindani. Anajua saa za mkubwa, hapiti njia yake, anakula kinachobaki. Jioni zile, jua likishuka nyuma ya mahindi, nilidhani babu anajua kila kitu.

Basi. Nitaishi kibweha.

Jumanne, 4 Machi
Kuria anakunywa chai saa nne. Nilikunywa yangu baadaye, ikiwa imepoa. Alipoingia kwa mlango wa mbele, nilitoka kwa wa nyuma. Hatukuonana kutwa. Raha.

Wamucii, aliyekunywa chai naye, aliniuliza kama kuna msichana ninayemtoroka.

Jumatano, 5 Machi
Leo, masalia. Wakulima wa Ziwa walimletea Kuria kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Alionja kidogo kwa heshima, akakunja uso, akakificha nyuma ya kabati. Mkubwa ameshiba.

Nilifungua kizibo. Ile harufu ya mkaa wa mti wa senetwet. Nikamwona kogo, bibi yangu, akisugua kibuyu kwa kijiti chenye moto, mvua ikipiga mabati, mimi nikingoja na kikombe changu cha bati. Nilitaka kuonja tu. Nilipokumbuka niko kazini, kibuyu kilikuwa chepesi.

Mchana Wamucii akasema wazee wa Ziwa wanakuja kesho. Wanatishia kupeleka maziwa yao kwingine, na Kuria atawakaribisha kwa mursik yao wenyewe, ndiyo maana aliitunza. Akauliza mbona natoka jasho na kuna baridi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilinunua maziwa lala, mgando wa pakiti. Dukani yalibaki ya vanila tu. Nikaomba makaa kwa Akello, mpika chai wetu, nikasaga, nikakoroga, nikajaza kibuyu. Kwa rangi, huwezi kujua.

Mzee Kibor alipewa kwanza. Alikunywa. Akalamba midomo kama mtu anayetafuta jina la jamaa aliyepotea. Kuria akauliza kama kuna shida. Mzee akasema hakuna, ila haya maziwa yamesoma Nairobi. Wazee walicheka, mmoja akashika ukuta. Kuria hakucheka.

Wamucii alikuwa anatazama masizi kwenye mikono ya shati langu. Mzee akafuata macho yake. Akaniuliza, kijana, wewe ni wa nani? Nikataja babu. Oh, akasema, yule wa bweha. Kondoo wake waliisha wote akiwatazama hao bweha wake.

Hilo babu hakuniambia.

Ijumaa, 7 Machi
Wamucii amepata nafasi. Nilimpongeza, alinimegea mandazi yake, na hilo liliniuma zaidi. Kuria alisema kabla ya jana hakuwa ameniona wiki nzima, alidhani nilishaondoka.

Wazee wamekubali kubaki nasi kwa sharti moja: mimi nihamishiwe kituo cha Ziwa kupokea mikebe ya maziwa, kwa majaribio, ili nijifunze tena ladha ya kwetu. Nilitoka nje nikalia kidogo. Si kwa huzuni tu. Nitaona mahindi ya nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Ziwa. Nimesikia habari za mkuu wa kituo, Mama Chepngetich. Wanasema ng'ombe husimama wima akipita.

Lakini nimetulia, nikafikiri vizuri. Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa mnyama. Babu aliwahi kunisimulia pia habari za nyegere: mfupi, miguu kama vigingi, na bado simba humpisha njia.

Kesho naingia ofisini kwa Mama bila kubisha.